Namna minyoo ya bilharzia iligawanyika dume na jike, na konokono ikabakia vyote viwili

Mutoto anakunywa vidonge vya bilharzia ku masomo. Damu inaacha kutoka mu choo, tumbo inapungua, wazazi wanapumua. Kisha mwaka moja ao miaka mbili, damu inarudia. Wenye kuishi pembeni ya Ziwa Albert, mu bonde la Ruzizi, mu Maniema ao kandokando ya Ziwa Tanganyika wanaijua hadisi hiyo. Wamoja wanasema dawa ilikuwa ya uongo. Wengine wanasema: muue konokono zote za muto, na ugonjwa utaisha.

Dawa haikuwa ya uongo. Na konokono, kuziua zote si jambo rahisi sawa vile watu wanafikiri. Sehemu kubwa ya jibu inapatikana mu jambo lenye haliongelewi sana wakati wa kampeni za afya: ni nani dume, ni nani jike. Munyoo wa bilharzia uko na dume pembeni na jike pembeni. Konokono yenye kuubeba, kila moja iko dume na jike pamoja mu mwili umoja. Na mababu ya ule munyoo, zamani sana, walikuwa pia hivyo: dume na jike mu mwili umoja. Namna walitoka mu hali ile, na kitu gani walipoteza kwa kutoka, njo habari yenyewe.

Mwaka 1851, Theodor Bilharz, munganga Mujermani mwenye alikuwa anatumika mu hospitali moja ya Kairo, mu Misri, alipasua maiti na kukuta minyoo ndani ya mishipa ya damu. Munyoo moja, munene, ulikuwa umejikunja sawa jani lenye kufunga chikwangue, na ndani ya ile mukunjo mulikuwa munyoo mungine, mwembamba na murefu. Ule munene ni dume. Ule mwembamba ni jike. Wanaishi bwana na bibi, dume anamubeba jike mu mwili wake, usiku na mchana, kwa miaka. Kila moja iko na urefu wa sentimetre moja hivi, jike anapita kidogo.

Bilharz alikuwa na sababu ya kushangaa. Minyoo bapa yenye waganga walikuwa wanajua haikuwa hivyo. Tegu, yule munyoo murefu sawa mukanda mwenye mutu anapata kwa kula nyama yenye haikuiva, iko na mbegu za dume na mayai ya jike mu kila kipande cha mwili wake. Wachinjaji wa ngombe wanajua ile minyoo yenye sura ya jani yenye inaonekana wakati wanapasua maini: ile nayo, kila moja ni dume na jike pamoja. Waganga wanaita hali hiyo emafroditi. Karibu minyoo bapa yote ya dunia iko hivyo. Hata jamaa wa karibu wa bilharzia, ile minyoo yenye inaishi mu damu ya samaki na ya kobe, iko emafroditi. Ni ukoo umoja tu, wa minyoo yenye iliingia mu damu ya ndege na ya wanyama wenye kunyonyesha, mutu akiwa ndani yao, njo uligawanyika.

Kugawanyika huko kunaonekana mu kromozomu. Kromozomu ni zile nyuzi ndogo sana ndani ya kila seli ya mwili, zenye zinabeba jeni, yaani maandishi yenye kuuambia mwili namna ya kujijenga. Mutu ako na 46: jozi 23, kila jozi nusu ya baba na nusu ya mama. Munyoo wa Schistosoma mansoni, ule wa bilharzia ya matumbo yenye iko mingi upande wa mashariki ya Congo, uko na 16, yaani jozi 8. Jozi 7 ziko sawasawa kwa dume na kwa jike. Jozi ya munane njo inaamua. Dume ako na Z mbili. Jike ako na Z moja na W moja.

Kwa watu iko kinyume. Mwanamuke ako na X mbili, mwanaume ako na X na Y, na kwa hiyo mbegu ya baba njo inaamua kama mutoto atakuwa kijana ao binti. Mama anatoaka X tu, hana ingine ya kutoa. (Mwanamuke mwenye anafukuzwa nyumbani juu anazaa wabinti tu anafukuzwa kwa jambo lenye hana uwezo juu yake hata kidogo.) Kwa munyoo wa bilharzia, mama njo anaamua: akitoa Z, anazaliwa dume, akitoa W, anazaliwa jike. Kuku nayo iko vile, Z na W, hata kama kuku na munyoo walipata mupango ule kila mumoja kwa njia yake.

Emafroditi hana hii yote. Kromozomu zake zote ziko jozi zenye kufanana, na kila mumoja ako na maandishi yote, ya kufanya mbegu na ya kufanya mayai. Sasa, namna gani jozi ya kawaida inageuka Z na W?

Maelezo yenye wanasayansi wengi wanatumia yaliandikwa mwaka 1978 na Brian na Deborah Charlesworth, wakiangalia mimea. Inapashwa mabadiliko mbili, hapana moja. Kwanza, jeni moja inaharibika na mwenye kuibeba anapoteza nguvu ya kufanya mbegu za dume. Anabakia na mayai tu. Inaonekana kama hasara, lakini chakula chote chenye angetumia kwa mbegu sasa kinaenda ku mayai, na hawezi tena kujizalisha mwenyewe, jambo lenye mara nyingi linazaa watoto wazaifu. Basi majike wanaanza kuonekana katikati ya emafroditi. Kisha, mabadiliko ya pili inakuja upande mwengine: mwenye kuibeba anapoteza mayai na kubakia na mbegu. Huyo ni dume.

Shida ni hii. Kila kizazi, kromozomu mbili za jozi moja zinakaa pamoja na kubadilishana vipande. Zile jeni mbili zikichanganyika vibaya, anazaliwa mwenye hana mbegu wala mayai, tasa kabisa. Au anazaliwa tena mwenye ako na vyote viwili. Kwa hiyo, kila wakati kipande chenye kubeba zile jeni kinaacha kubadilishana, mufano kwa sababu kiligeuka kichwa chini miguu juu ndani ya kromozomu, wenye nacho wanazaa vizuri kupita wengine. Kipande kinafungwa. Na kufungwa kunaleta mambo mengine.

Fikiria butike yenye iko na kaye mbili za madeni, zenye kufanana. Mvua ikilowanisha ukurasa wa moja, mwenye butike anafungua ya pili na kuandika upya. Kila mwaka anazilinganisha, na hata kisha miaka makumi zinasomeka. Sasa kaye moja inafungiwa mu sanduku na haifunguliwi tena. Ukurasa wenye unalowana unabakia umeharibika. Mungine unakuliwa na mende. Hivi njo ilifika kwa W. Iko ndani ya majike tu, na iko peke yake, haina W ingine ya kujilinganisha nayo. Z imepona, juu ndani ya dume ziko Z mbili zenye zinaendelea kurekebishana.

Mu Schistosoma, W imepoteza jeni nyingi sana, na nafasi yao imejaa maandishi ya bure, musitari umoja wenye umerudiliwa mara nyingi sana. Yale maandishi ya bure yako na faida moja kwa watafiti. Vile vidudu vidogo vyenye mukia, vyenye vinatoka mu konokono na kuingia mu ngozi ya mutu, hakuna mutu anaweza kutofautisha dume na jike kwa macho, hata chini ya mikroskopi. Mu laboratware wanatafuta musitari wa W. Ukiwepo, ni jike.

Kaye haikufungwa yote mara moja. Mwaka 2018, kikundi cha mutafiti Beatriz Vicoso, mu Austria, kilitoa kazi yenye kulinganisha munyoo wa Afrika, S. mansoni, na ndugu yake wa Asia, S. japonicum. Kipande kimoja cha Z na W kimefungwa kwa wote wawili: kilifungwa zamani, mbele ndugu hawajaachana. Lakini kisha, kila moja ilifunga vipande vingine upande wake, na si vilevile. Ni sawa nyumba mbili za ndugu wenye walirizi musingi umoja, kila mumoja akajenga vyumba vyake. Kwa hiyo kromozomu hizo bado ziko mu safari. Hazikumaliza.

Jike mwenye W iliyoharibika ako na tatizo ingine: kwa jeni nyingi za Z, ako na kopi moja tu, wakati dume ako nazo mbili. Kazi ileile ya 2018 ilionyesha kama jeni za Z zimeongeza nguvu ya kutumika ili kulipiza ile upungufu, hata kama jike hafikii dume kabisa mu zote. Mwili ulitafuta namna ya kuishi na kaye moja.

Lakini juu ya nini kujitafutia mateso hayo yote? Emafroditi akikutana na mwenziwe, wote wawili wanaweza kuzaa. Na akikosa mwenziwe, wengi wao wanajizalisha wenyewe. Dume na jike wanapashwa kukutana, na ndani ya mishipa ya damu ya mutu, kukutana si jambo dogo. Mutafiti Paul Basch alijiuliza swali hilo mwaka 1990, na jibu lenye wengi wanakubali mpaka leo ni kugawana kazi. Damu ya wanyama wenye mwili wa joto inakimbia kwa nguvu. Inapashwa munene mwenye misuli ya kushikilia ukuta wa mushipa na kupanda kinyume cha damu: hiyo ni kazi ya dume. Inapashwa tena mwembamba mwenye anaweza kuingia mu mishipa midogo kabisa, karibu na ukuta wa matumbo, ili kuacha mayai pale yanaweza kutoka na choo: hiyo ni kazi ya jike. Mwili umoja hauwezi kuwa munene na mwembamba kwa wakati umoja.

Na mayai njo yanaua. Jike wa S. mansoni anataga karibu 300 kila siku. Karibu nusu yanatoka mu choo. Yanayobakia yanabebwa na damu, yanakwama mu maini na mu ukuta wa matumbo, na mwili unayazungushia kovu. Ini inakuwa nguvu, bandama inavimba, mishipa ya koo inajaa damu, na kuna wenye wanatapika damu mpaka kufa. Minyoo yenyewe, dume ao jike, haileti hatari kama ile. Munyoo wenye hauna mwenzake hautagi hata yai moja lenye uhai. Hii ni jambo la kushika.

Konokono, yeye, hakugawanyika. Zile konokono bapa za Biomphalaria, zenye kukaa ku majani ya pembeni ya ziwa, mu mifereji ya mupunga na mu vijito vyenye watu wanaloweka mihogo, hazina Z wala W. Kiungo kimoja ndani ya mwili wao kinafanya mbegu na mayai. Wakiwa wengi, aina nyingi zinapenda kupandana. Ikibakia moja, inajizalisha. Biomphalaria pfeifferi, yenye imeenea sana mu vijito vya Afrika, yenyewe inajizalisha hata kama wenzake wako pale.

Hapa njo hesabu ya kuua konokono inaanguka. Kuna dawa ya kumwanga mu maji, niclosamide, na inaua kweli. Samaki pia wanakufa, jambo lenye wavuvi hawasahau. Lakini tuseme kijito kilikuwa na konokono elfu kumi na dawa ikaacha moja, imejificha mu matope. Kama ingekuwa munyama wenye kugawanyika, ile moja ingezeeka peke yake na mambo yangekwisha. Konokono haingoji bwana. Inataga, watoto wanataga, na kisha miezi michache kijito kimejaa tena. Mahali fulani kumwanga dawa kunasaidia, zaidi mu mifereji midogo, kama kunarudiliwa na kama kunaenda pamoja na kazi zingine. Mara moja tu, ni kupoteza feza.

Munyoo, yeye, ako na uzaifu wenye konokono haina. Mutoto mwenye ameingiwa na munyoo umoja tu hawezi kutoa mayai. Mwenye ameingiwa na miwili, uwezekano ni nusu tu kwamba ni dume na jike. Kwa mine, kuna mara moja juu ya munane kwamba yote iko jinsia moja. Kwa kumi, mara moja juu ya 512: karibu hakika kuna bwana na bibi ndani. Tena kuna jambo lingine. Yai moja linatoa kidudu kimoja, kinaingia mu konokono, na ndani mule kinajigawa maelfu bila kuolewa. Vyote maelfu viko na kromozomu zilezile. Konokono yenye iliingiwa na kidudu kimoja tu inatoa madume tu, ao majike tu. Mutoto mwenye alioga mara moja pembeni ya konokono moja anaweza kubeba minyoo makumi na isiwe hata na ndoa moja.

Mwaka 1965, munganga Mwingereza George Macdonald aliweka mawazo hayo mu hesabu. Alionyesha kwamba minyoo ikipunguzwa chini ya kiasi fulani mu kijiji, madume na majike hawakutane tena ya kutosha, na ugonjwa unajimaliza pole pole. Juu ya kiasi hicho, unarudia kila mara. Hesabu ilikuwa nzuri kupita hali yenyewe, juu minyoo haigawanyike sawasawa kwa watu wote. Mu kijiji kimoja, wengi wako na kidogo, na wachache wako na mingi sana, mamia. Kwa hao wachache, ndoa hazikosekani hata siku moja. Na mara nyingi si wanafunzi. Ni muvuvi mwenye anasukuma mutumbwi kila asubuhi, mama mwenye anafua nguo ku maji, mulimaji wa mupunga, mutoto mwenye hajaanza masomo. Kampeni yenye inafikia masomo tu inaacha ndoa zile mahali pake, na choo chao mu maji kinatosha kuambukiza kijiji kizima. Hapo reko wa kijiji ako na kazi kubwa kupita ile ya kugawa vidonge: kujua nani anashinda mu maji.

Dawa yenyewe, praziquantel, inaua minyoo mikubwa, kwa miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Haiui vizuri ile yenye ina wiki chache tu tangu iingie. Mutoto mwenye alikunywa kidonge leo na alioga mu ziwa mu wiki zilizopita anaweza kubakia na minyoo michanga yenye itakomaa kisha. Wengi wa wale wenye «dawa ya uongo» wako katika hali hiyo, ao waliingia tu tena mu maji yaleyale.

Kuna sehemu ya mwisho ya hadisi hiyo, na ni ngeni. Watafiti wanajua tangu zamani kwamba jike peke yake hakomai. Kromozomu zinamufanya jike, lakini bila dume anabakia mudogo, bila mayai. Mwaka 2022, kikundi cha James Collins, mu Dallas, Marekani, kilipata kitu chenye dume anatumia: molekuli moja ndogo sana, yenye misuli yake haihusiki nayo. Mu laboratware, walimupatia jike ile molekuli peke yake, bila dume, na akaanza kukomaa na kutaga. Kumbe kujua njia hiyo kunafungua wazo la dawa ya aina ingine: yenye haiui munyoo, lakini inanyamazisha ile sauti kati ya dume na jike. Hiyo dawa haijakuwa.

Kwa sasa, jike mwenye aliingia peke yake mu mwili wa mutoto hafi kwa upesi. Anakaa mu mushipa, mudogo, bila kutaga, na mutoto hana dalili yoyote. Siku mutoto anarudi ku maji na madume yanaingia, dume anamufikia, anamukunja mu mwili wake, na yule jike anaanza kukomaa.